Msemaji Aliyegeuza Mgongo

Kwabena Dwomo hakuwa na magego mawili ya juu upande wa kulia, yaliyong'olewa yakiwa mazima. Hakuwa na gari, wala shamba la kakao lenye miti michanga, wala mtoto aliyekaa karibu. Hakuwa na cheti cha shule isipokuwa kile cha darasa la usiku, alichokipata akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Hakuwa na usingizi wa kueleweka tangu mvua za kwanza zinyeshe. Hakuwa na deni la mtu, jambo alilolitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Na hakuwa na jina la ugonjwa uliokuwa ukimchoma jicho la kulia karibu kila siku, saa ile ile baada ya chakula cha mchana, kama mtu aliyewekeana naye miadi.

Alichokuwa nacho ni fimbo. Alikuwa msemaji wa Nana, chifu wa Nkwaaso, na fimbo ya usemaji yenye kichwa cha dhahabu ililala kando ya kitanda chake ikiwa imefungwa shuka jeupe. Nkwaaso hakuna anayemwambia Nana neno moja kwa moja. Neno hupewa msemaji, na msemaji humfikishia Nana likiwa limeoshwa na kupigwa pasi. Nana naye hunena kwa sauti ya chini, na msemaji huwapa watu neno hilo likiwa limevaa nguo. Katika kazi hiyo Dwomo hakuwa na mpinzani. Watu waliokuja kwa Nana wakitukanana walimsikiliza akiyarudia matusi yao kwa lugha tamu hadi wenyewe wakaona aibu.

Kisha ikaja siku ya wageni wa wilaya, waliofika kuzungumzia ardhi ya soko. Dwomo alisimama mbele ya baraza, akawamiminia wahenga kinywaji kama desturi, akawaita kwa majina yao, akaanza kuwakaribisha wageni. Nana akanena. Dwomo akafungua kinywa ili awafikishie wageni neno lake, na papo hapo jicho likashikwa. Si kwamba liliuma. Kuuma alikujua, aliwahi kuvunjika mkono na kukatwa na panga shambani. Hiki kilikuwa kitu kingine, kama msumari uliotiwa motoni na kusukumwa kutoka nyuma ya jicho kuja mbele, polepole, na mtu asiye na haraka. Kope ikaanguka nusu. Chozi likatoka upande mmoja, pua ikaziba upande ule ule. Akajaribu kusimama palepale, lakini miguu ilikataa. Mwili wote ulitaka kutembea. Nana akiwa bado ananena, Dwomo akageuza mgongo, akaondoka na fimbo mkononi.

Nkwaaso hakuna aliyewahi kumwona msemaji akimpa Nana mgongo. Walimkuta nyuma ya zizi la kondoo, anazunguka na kugonga paji la uso kwenye ukuta wa udongo. Wageni waliambiwa mzee ameshikwa na tumbo.

Jioni hiyo hukumu ilitoka. Kondoo mmoja na chupa mbili za kinywaji, na asiseme mbele ya baraza hadi Jumapili kuu ya Adae, sikukuu ya kuwakumbuka wahenga, atakapoeleza mwenyewe mbele ya wote kama bado anaiweza fimbo. Ikiwa haiwezi, iende kwa mwingine wa ukoo wake. Kila mtu alijua huyo mwingine ni nani.

*

Mji una ulimi wake. Chozi la upande mmoja ni alama ya mtu aliyepindisha neno la Nana, walisema wengine. Wauza nyanya walikuwa na lao, na walilisema kwa sauti mke wa Dwomo alipopita: siku hizi msemaji hulia msibani kwa jicho moja ili lile jingine lihesabu michango.

Akua Nyarkoah hakuwajibu. Alikuwa muuza samaki wa kukaushwa, mwanamke mnene wa maneno machache, na alikuwa ameshachoka kuona mumewe akizunguka ua kila alasiri huku amejibana kichwa kwa kitambaa. Alikuwa amempeleka kwa mng'oa meno wa barabara kuu, ambaye aliondoa gego la kwanza, na kichwa kilipoendelea akaondoa la pili, kwa uhakika uleule. Alikuwa amemnunulia miwani. Alikuwa amemtia matone ya pua yaliyomfanya apige chafya kanisani mpaka mchungaji akasimamisha mahubiri. Katika zahanati moja kijana mwenye koti jeupe alimwambia kwamba wazee wengi huwa na kichwa kwa sababu ya mawazo, akamshauri mzee apumzike. Dwomo alimuuliza kwa adabu kubwa kama yeye mwenyewe aliwahi kupumzika ndani ya jiko lenye moto.

Kilichowasaidia kilianza kwenye kliniki ya macho. Daktari pale, mtu wa makamo mwenye mikono baridi, alilipima jicho kwa kila mashine aliyokuwa nayo. Aliogopa presha ya jicho, na aliogopa mishipa ya panjani, kando ya jicho, ambayo kwa watu wa umri ule huweza kuvimba na kupofusha, akaagiza damu ipimwe. Vyote vilirudi vizuri. Akaketi mbele ya Dwomo.

"Mzee, jicho lako halina kosa," akasema. "Limetumwa tu. Anayelituma yuko nyuma yake, na huyo si wa kazi yangu."

Aliwaambia kwamba madaktari wa mishipa ya fahamu wanahesabika nchi nzima, lakini mmoja huja Kumasi kila Jumatano kutoka Accra. Kupata nafasi kwake ni kusubiri. Akawaandikia karatasi ya kumwona, akapiga simu yeye mwenyewe.

Njiani kurudi nyumbani Dwomo alikuwa amechangamka kuliko alivyokuwa kwa wiki nyingi, ingawa hakuna dawa aliyopewa. Alirudia lile neno mara mbili tatu. Limetumwa. Alisema ni neno ambalo angelisema yeye.

*

Daktari Dedei Lamptey alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, wa kabila la Waga kutoka Teshie, pwani ya Accra, na Kitwi, lugha ya akina Dwomo, alikuwa amejifunza ukubwani. Hakumpima kwanza. Alimwambia amweleze.

Dwomo akasimama. Kuketi na kueleza hakukuwa desturi yake. Akaueleza ugonjwa kama anayemfikishia Nana malalamiko ya mgeni: alipoanzia, anakopita, anavyobisha hodi kwa joto dogo kwenye pua kabla hajaingia, anavyokaa kadiri ya ibada fupi kisha akaondoka ghafla na kuacha nyumba imeharibika. Akaeleza kwamba alikuja mara ya kwanza mwaka juzi, akakaa majuma kadhaa, akatoweka mwaka mzima, na sasa amerudi na mizigo. Daktari aliacha kuandika akawa anasikiliza tu.

"Anapokuwa ndani, Baba, wewe hulala au hutembea?"

"Nani hulala nyumba inapoungua?"

Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Akaendelea kuuliza. Kifua? Kizima. Sigara? Hajawahi. Pombe?

Hapo Dwomo alijinyoosha. Baba yake mzazi alikufa kwa pombe ya kienyeji, akaokotwa mferejini, na yeye akiwa kijana aliapa. "Sinywi," akasema. "Nkwaaso nzima itakuambia." Akua Nyarkoah akaitikia kwamba ni kweli, mume wake hajawahi kukanyaga baa hata kumtafuta mtu.

Daktari akaandika hapana.

Kisha akawaambia jina. Kuna kipandauso ambacho watu wengi hukijua, akasema, na kuna ndugu yake adimu, mkali zaidi, aitwaye kichwa cha mkururo, kwa sababu huja kwa misimu, shambulio juu ya shambulio, kisha huondoka. Hushika upande mmoja, nyuma ya jicho. Huwapata zaidi vijana, lakini hata wazee huanzwa nacho, na mzee akianzwa ni lazima kichwa kipigwe picha ili kuhakikisha hakuna kingine kilichojificha. Si laana, na si mawazo. Kina matibabu.

Akua Nyarkoah aliuliza kama meno yalikuwa na hatia yoyote.

"Hapana, Mama. Hayakuwa na hatia."

"Basi yalinyongwa bure," akasema Dwomo, na daktari akacheka mpaka akavua miwani.

Picha ilipigwa, moyo ukapimwa, na walipokuwa kwenye benchi wakisubiri majibu, saa ya miadi ikafika. Pua ikapata joto. Dwomo akainuka, akaanza kwenda na kurudi ukumbini huku watu wakivuta miguu yao kumpisha. Mama mmoja akamfunika mwanawe uso. Daktari Lamptey alitoka mwenyewe. Akamkalisha, akamvisha kifuniko cha plastiki chenye mfuko puani na mdomoni, akafungua mtungi wa oksijeni hadi ukavuma, akamwambia avute hewa tu na asiongee. Hilo la mwisho lilikuwa gumu.

Robo saa haikutimia. Msumari ulianza kurudi nyuma. Alihisi ukirudi, hatua kwa hatua, kama askari anayefukuzwa uwanjani, mpaka ukafika mlangoni, ukatoka. Dwomo alikaa na kifuniko usoni akitazama ukuta. Kisha akalia, bila sauti, na Akua Nyarkoah aliyekuwa amemshika bega aliinama kumwangalia, akamnong'oneza kwamba leo analia kwa macho yote mawili.

*

Alirudi Nkwaaso na vidonge vya aina mbili: vingine vya kutuliza upesi, vya siku chache tu, vingine vya kuuzuia msimu, ambavyo kwa kawaida ni vya moyo na vilitaka moyo upimwe tena kila kiasi cha dawa kinapoongezwa. Pamoja na vidonge ulikuja mtungi wa oksijeni, mrefu kufikia kifua cha mtu. Ulinunuliwa kwa akiba ambayo Akua Nyarkoah aliiweka kwa ajili ya kitambaa cha msiba wa dada yake. Alisema dada yake amekwisha kufa na hana haraka.

Mtungi ulishushwa mchana kweupe, na hapo ndipo walipokosea. Nkwaaso oksijeni hujulikana kwa jambo moja: mtu huwekewa siku mbili kabla ya kufa. Kabla jua halijatua, majirani walikuja mmoja mmoja na nguo nyeusi kwenye mikoba, kwa tahadhari tu. Mzee wa ukoo alituma mtu aulize kwa upole kama Opanyin, yaani mzee mwenyewe, alishasema angependa kuzikwa wapi. Mwenye kukodisha viti na turubai alipita barabarani polepole kuliko kawaida. Dwomo alijitokeza barazani akiwa na bakuli la fufu, akala lote mbele yao, akawauliza nani amekufa.

Osei Tenkorang alikuja na gari lake. Alikuwa mtoto wa marehemu dada mkubwa wa Dwomo, mfanyabiashara wa matairi Kumasi, mwenye mwili uliojaa na saa kubwa mkononi. Kwa desturi ya Waasante yeye ndiye mrithi. Mtoto wa kuzaa mwenyewe harithi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesubiri muda mrefu.

"Mjomba," akasema huku akiugonga mtungi kwa pete yake kusikia kama umejaa, "watu wanasema mambo."

"Watu walizaliwa wakisema."

"Wanasema msemaji atasimamaje mbele ya Nana na chuma hiki nyuma yake. Nani atakibeba?"

"Wewe una gari."

Tenkorang alicheka, lakini hakuondoka mpaka alipouliza, kama mtu anayekumbuka tu, kama shuka la fimbo lilifuliwa karibuni.

Hata hivyo dawa zilifanya kazi, na hilo halikuweza kufichwa. Alasiri ziliingia zikatoka na mzee ameketi kitini anasoma gazeti la juma lililopita kwa sauti. Siku nyingine pua ilipata joto na jicho likaanza, naye akajivisha kifuniko, akafungua mtungi, na mambo yakaisha kabla uji haujapoa. Akua Nyarkoah alihamisha jiko la mkaa hadi kona ya mbali ya ua kwa sababu daktari alikataza moto karibu, akawa anapika akiwa amewapa wote mgongo, akiimba. Dwomo alianza kuwaeleza wapita njia, bila kuulizwa, maana ya mishipa ya fahamu.

*

Jumamosi ukoo ulikutana nyumbani kwa Dwomo kutimiza mwaka wa marehemu dada yake, mama yake Tenkorang. Kumimina kinywaji cha ukoo hakukukatazwa na baraza; hilo lilikuwa lake kwa umri. Alisimama amevaa kitambaa cheusi kilichotandazwa begani, sauti yake ikiwa imara, na wazee walitazamana kwa kuridhika. Akawaita waliotangulia. Akawapa. Akaketi.

Shambulio lililomjia lilikuwa kubwa kuliko yote. Halikungoja saa yake wala halikubisha hodi. Mtungi ulilifukuza, lakini lilirudi, na lilipofukuzwa tena mtungi ukawa mwepesi. Wana ukoo wote walimwona msemaji wa Nana kwenye mchanga wa ua akitambaa na kifuniko cha plastiki usoni. Tenkorang alimshika mikono asijiumize. Alimshika kwa upole, na alipokwisha kumkalisha alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia kwamba wahenga wamekataa hewa ya chuma. Mjomba akipumzika, mtungi unamtosha. Mjomba akisimama kusema nao, wanampiga. Nani hasomi hapo?

Dwomo alilisikia. Lililomuuma ni kwamba lilikuwa kweli. Siku ya wageni wa wilaya alisimama kusema na wahenga. Siku ya kumpa mtoto wa jirani jina alisimama, na ile alasiri ilikuwa mbaya. Siku ya kusuluhisha mashamba, vilevile. Alikaa siku mbili bila kumeza kidonge, akiitazama ile fimbo katika shuka lake, akifikiri labda wanaomkataa wanamjua kuliko daktari wa Teshie.

Akua Nyarkoah ndiye aliyepiga simu. Hakumwomba ruhusa. Aliweka simu mezani ikiwa na sauti ya juu, akamweleza daktari kwamba mume wake anaumwa vibaya siku za kazi tu, na kwamba sasa amegomea dawa kwa sababu anafikiri ameachishwa kazi na marehemu.

Daktari Lamptey hakucheka. Alimwomba Dwomo ampitishe katika siku ile ya Jumamosi tangu asubuhi, asiruke kitu. Dwomo akaeleza: kuoga, kuvaa, wageni, viti. Kusimama, kupokea glasi, kuonja, kuita majina, kumimina...

"Kuonja nini, Baba?"

"Kinywaji chenyewe. Ile kali ya chupa ya kijani. Anayewapa wahenga huonja kwanza, waone hakina sumu."

"Nilikuuliza kama unakunywa pombe."

"Nami nilikujibu kweli. Sinywi. Ile ni kazi."

Sauti ya daktari ikaja, ikiwa imechoka na imechangamka kwa pamoja. "Na wewe, Mama? Nawe ulisema hanywi."

"Hanywi, Daktari," akasema Akua Nyarkoah kwa uhakika. "Angekuwa anakunywa ningemfukuza."

Daktari akawaambia kosa ni lake pia. Babu yake kule Teshie alimimina maisha yake yote, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kusema babu anakunywa. Angepaswa kuuliza kwa njia nyingine. Akaeleza taratibu: msimu wa ugonjwa huu ukiwa ndani, pombe huuamsha upesi, hata kidogo, hata ile ya kulowesha ulimi. Msimu ukiisha haina neno. Lakini misimu yake haitabiriki, na katika umri wake hakuna anayeweza kuahidi lini utarudi.

"Mwili haujui tofauti ya kazi na starehe, Baba. Hata tone."

Simu ilikatwa. Dwomo akameza vidonge vyake kwa maji, akasema, bila kumwambia mtu hasa, kwamba kumbe wahenga hawakumkataa.

*

Kulijua tatizo hakukulimaliza. Msemaji asiyeonja hawezi kumimina, na asiyeweza kumimina hana fimbo. Akua Nyarkoah, aliyekuwa mtu wa sokoni, alipendekeza wajaze maji katika chupa ya kijani; au aiguse glasi kwa midomo tu, nani atajua. Dwomo hakukasirika. Alisema wale anaowamiminia watajua, na kwamba mdomo uliokodishwa kusema kweli kwa niaba ya mji mzima hauwezi kuanza na uongo wa glasi. Angeomba aonjewe. Aonje mwingine, mbele ya watu, kwa sababu iliyotajwa.

Lakini amwombe nani, na kwa kinywa cha nani? Mambo yote kwa Nana hupitia kwa msemaji, na msemaji ni yeye, naye amefungwa mdomo hadi Jumapili. Na hoja moja aliyokuwa nayo, ile ambayo ingetosha, haikuwa ya kusemwa mbele ya baraza.

Siku ya Ijumaa Tenkorang alifika. Alikuwa amevaa vizuri. Alisema amezungumza na wazee wawili watatu, wote wanampenda Mjomba. Hakuna haja ya Mjomba kusimama Jumapili kuulizwa maswali mbele ya watoto. Kondoo na chupa atalipa yeye. Itasemwa kwamba mzee amechoka kwa kazi nzuri, fimbo itaingia kwenye gari leo, na Jumapili mzee ataketi mbele, kwenye kiti cha heshima, pamoja na mtungi wake. Alisema yote kwa heshima, mikono nyuma, na kila neno lilikuwa kama mto laini uliowekwa usoni.

Dwomo alimwambia aketi ale. Akua Nyarkoah akamletea fufu yenye nyama ya mbuzi, sahani kubwa, ya kumkalisha mtu. Dwomo akaingia ndani, akavaa ile miwani iliyonunuliwa bure, ambayo kwa kuandikia haikuwa mbaya, akachukua karatasi.

Aliandika polepole, herufi zimesimama wima kama alivyofundishwa ukubwani. Alipomaliza alimwita mkewe, akafunga mlango, akamsomea kwa sauti ya chini.

"Nana, kwa mdomo siwezi kuyasema haya, maana mdomo wangu ni wako. Ugonjwa wangu una jina, unaitwa kichwa cha mkururo. Hauambukizi, na si adhabu ya mtu. Una dawa, na dawa imenifaa. Siku ile nilikupa mgongo kwa maumivu, si kwa dharau, na kondoo nitamleta mwenyewe bila kusaidiwa. Kinachoniangusha ni lile onjo. Naomba nimimine kama nilivyomimina siku zote, na mwingine anionjee hadharani, nami nitawaeleza watu sababu bila kuficha. Nana anakumbuka kwamba tangu daktari wake alipomkataza, viazi vilivyopondwa vya sikukuu huonjwa na mtunza kiti cha enzi badala ya Nana, nyuma ya pazia, na mwaka haujawahi kuharibika kwa ajili hiyo. Kama wahenga walilipokea hilo, watalipokea na hili. Ikiwa Nana ataona haifai, fimbo ichukuliwe Jumapili mbele ya baraza. Nitaikabidhi nikiwa nimesimama."

Akua Nyarkoah alifikiri. "Hapo kwenye viazi," akasema. "Unamtisha?"

"Namkumbusha."

"Hata anayetishwa hukumbuka."

Dwomo alijua mke wake hakosei katika bei ya kitu. Akaichukua kalamu, akaongeza chini: "Jambo hilo la viazi nimelijua miaka yote na sijalitamka popote. Nana akikataa ombi langu, bado sitalitamka. Nimeliandika hapa kwa sababu karatasi hii ni ya macho ya Nana peke yake."

"Sasa humtishi, umempa mkono," akasema Akua Nyarkoah. "Funga."

Alikunja karatasi mara mbili, akaitia katika bahasha nene, akapaka gundi ukingoni na kuikandamiza kwa kitako cha glasi hadi ikashika. Kisha akatia sahihi yake kupita juu ya mshono, nusu huku na nusu huku, akatoka uani.

Tenkorang alikuwa ananawa mikono. Alisimama, akatazama nyuma ya mjomba wake kuona kama fimbo inaletwa.

"Umekuja kuchukua kitu," Dwomo akasema. "Chukua hiki. Mpe Nana mkononi, si karani wake."

"Na fimbo, Mjomba?"

"Bado ina mwenyewe. Nenda kabla Nana hajalala mchana."

Tenkorang aliigeuza bahasha, akaiona ile sahihi iliyokatiza juu ya gundi, akaelewa kwamba haifunguki bila kuonekana. Alitaka kusema kitu, lakini mke wa mjomba wake alikuwa ameshafungua lango na amelishika, akingoja. Akaiweka bahasha kwenye kiti cha mbele, mahali pa abiria, akaendesha kwa uangalifu kuelekea kwa Nana.